Saruji au gundi ya vigae: kipi kinafaa kwa ukuta wa zege?

Bafu la nyumba ya mjini huwa na kuta za namna mbili, ingawa jicho huona moja. Sehemu kubwa ni tofali zilizopigwa lipu, lakini katikati yake zimo nguzo za zege, juu ya mlango imo linta, na katika maghorofa mara nyingi upande mzima wa ukuta ni zege lililomwagwa katika boksi la mbao. Fundi huzipaka kuta hizo zote saruji ileile, kwa mkono uleule, na siku ya kukabidhi kazi huwezi kuona tofauti. Nyumbani kwetu Dar es Salaam tofauti ilionekana baada ya miezi minne. Kigae cha kwanza kilianguka kutoka juu ya nguzo ya kona, na vitatu vilivyofuata vyote vilikuwa juu ya nguzo hiyohiyo, ilhali ukuta wa tofali ulio ubavuni mwake haujapoteza hata kimoja hadi leo.

Nilikiokota kile cha kwanza na kukigeuza. Saruji yote ilikuwa imeondoka pamoja nacho, unene wa kidole, na uso wake uliokuwa umegusa nguzo ulikuwa laini kama sahani, umechapwa mistari ya ubao wa boksi pamoja na weusi hafifu wa oili chafu, ile inayopakwa boksini ili zege lisiung'ang'anie ubao. Mwaka uliofuata kigae kikubwa cha poseleni kilianguka jikoni, na hicho kilisema jambo jingine kabisa: mgongo wake ulikuwa safi kana kwamba kimetoka dukani, na saruji ilibaki ukutani ikiwa na alama za vile vimraba vya mgongoni mwa kigae. Katika tukio la kwanza saruji haikuushika ukuta, na katika la pili haikukishika kigae. Kabla ya kuchagua cha kubandikia, ni muhimu mtu atenganishe makosa haya mawili, kwa sababu dawa ya moja haiponyi jingine. Gundi ghali iliyopakwa juu ya oili itabanduka vilevile.

Kwa hiyo nianze na ukuta, ambao hauna ulinganisho: kazi yake ni ileile, uchague saruji au gundi.

Zege jipya liachwe likomae siku 28 kwa uchache, na likiachwa wiki sita ni bora zaidi, kwa sababu linaendelea kusinyaa linapokauka na kigae hakisinyai pamoja nalo. Kisha lipimwe kwa maji. Rushia matone machache usoni mwa zege: yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, uso uko wazi, yakikaa juu kama shanga, kuna mafuta ya boksi, au rangi, au zege lenyewe ni laini mno. Mafuta hayaondoki kwa kufutwa na kitambaa. Yanaoshwa kwa sabuni kali na brashi ya waya, yanasuuzwa, kisha uso unaondolewa hasa, ama kwa grainda yenye kikombe cha almasi, ama kwa tindo na nyundo. Mafundi wetu wanaijua sana njia ya tindo, lakini wengi huifanya kwa kuridhisha macho ya mwenye nyumba, alama kumi hapa na ishirini pale. Nguzo iliyochongwa vizuri huonekana imejaa makovu kutoka juu hadi chini, kovu moja na jingine likiachana kwa vidole viwili hivi, na kokoto zimeanza kuonekana. Baada ya hapo vumbi lote lifagiliwe na kuoshwa. Vumbi la kuchonga likiachwa ndani ya makovu huzuia saruji kama unga unavyozuia donge kushika kibao cha chapati.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo niliyoiridhia kwa nguzo zetu: kuosha, kuchonga kiasi, kisha kurushia ukuta uji mzito wa saruji na mchanga mkavu, sehemu moja kwa mbili, uliochanganywa na kimiminika cheupe cha mpira kinachouzwa madukani kwa jina la SBR. Hurushwa kwa mwiko au kwa ufagio mgumu ili ukauke ukiwa na chunusi, na hauguswi tena kulainishwa. Hapa naomba msomaji awe macho, kwa sababu vimiminika vyeupe vinafanana. Gundi nyeupe ya mbao nayo ni maziwa, nayo ni nafuu, na baadhi ya wauzaji husema ni kitu kilekile. Hiyo hulainika upya inapoloa maji, hivyo katika bafu inageuka kuwa utando wa kutelezea baina ya zege na kigae.

Mambo mengine ya ukuta nitayapita haraka. Rangi yoyote iondolewe, hasa ya mafuta. Ukuta uliolainishwa kwa jipsamu usibandikwe kigae kwa saruji wala kwa gundi ya saruji kabla jipsamu haijakwanguliwa yote, kwa kuwa ikipata unyevu hukutana na saruji na kuota fuwele zinazokisukuma kigae nje. Pale zege linapokutana na tofali, weka wavu wa nyuzi unaovuka kiungo hicho sentimita 15 kila upande kabla ya lipu, maana vitu viwili hivi havinywi maji wala havikauki sawa, na ufa huja hapo. Na kwa sisi wa pwani, ukuta unaotoa unga mweupe wa chumvi, ambao mara nyingi unatokana na mchanga wa baharini au maji yanayopanda kutoka chini, hautibiwi kwa kufunikwa.

Namna kila kimoja kinavyoshika

Saruji hushika kwa kuingia. Uji wake hunywewa na vitundu vya ukuta na vya mgongo wa kigae, kisha hukomaa humo ndani na kuwa kama mizizi. Inahitaji vitundu pande zote mbili, na ndiyo sababu aina ya kigae huamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Kigae cha seramiki cha ukutani, kile chenye mgongo mwekundu au wa maziwa, hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo maana mafundi hukiloweka kwenye ndoo kabla ya kukibandika, na wanafanya sawa, kwani kikiwa kikavu huinyonya saruji maji yake kabla haijakomaa. Kigae cha poseleni, kwa kipimo kinachokubalika kimataifa, hakinywi zaidi ya asilimia 0.5. Kukiloweka ni kazi bure, na kukibandika kwa saruji tupu ni kuitaka saruji iote mizizi kwenye kioo.

Gundi ya vigae nayo ina saruji ndani yake, jambo ambalo wengi hawalijui. Ni unga wa saruji na mchanga mwembamba uliochekechwa kiwandani, ukaongezwa polima, yaani unga wa jamii ya plastiki, inayonata hata pasipo na vitundu, na kitu cha kuyazuia maji yasikimbie upesi. Kwenye mfuko huandikwa herufi na namba ambazo zinafaa kusomwa kuliko picha ya nyumba iliyo juu yake. C1 ni gundi ya kawaida, ambayo inapopimwa lazima ishike kwa nguvu isiyopungua nyutoni 0.5 kwa milimita ya mraba. C2 ni ya nguvu mara mbili, yaani nyutoni 1. Herufi T maana yake kigae hakitelezi ukutani, na E maana yake inabaki hai muda mrefu zaidi baada ya kupakwa, walau dakika 30 badala ya 20. Ikiandikwa S1, gundi hiyo inaweza kunyumbuka kidogo bila kupasuka.

Mtu anaweza kuuliza: nyutoni 0.5 kwa milimita ya mraba ni karibu kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, na kigae cha sentimita 30 kwa 60 kina sentimita za mraba 1,800 lakini uzito wake hauzidi sana kilo 4. Nguvu yote hiyo ya nini? Jibu ni kwamba kigae hakiangushwi na uzito wake. Kinaangushwa na kuvutana. Zege linasinyaa miezi na miezi, ukuta unaopigwa na jua la mchana upande wa nje hutanuka, bafu hupata mvuke wa moto kisha hupoa, na kigae katikati ya hayo hakitaki kusogea. Seramiki kwenye tofali huvumilia hali hiyo kwa sababu ni nyepesi na mshiko wake ni wa mizizi. Poseleni kwenye zege ni vitu viwili vigumu vinavyobishana, na kinachobaki katikati yao kinapaswa kuwa na uwezo wa kunyumbuka, sifa ambayo saruji tupu haina.

Gharama, ikipigwa kwa mita ya mraba

Dukani hesabu hufanywa kwa mfuko, na kwa hesabu hiyo gundi hushindwa papo hapo. Naomba tuifanye upya. Saruji tupu ikipakwa unene wa sentimita 1 hula kilo 14 hadi 15 kwa mita ya mraba, na ikipakwa sentimita 1.5, kama inavyotokea mara nyingi ukuta usiponyooka, hula zaidi ya kilo 21. Gundi inapakwa kwa mwiko wa meno na kubaki na unene wa milimita 3 hivi, ambao hula kilo 4 hadi 5. Chukua bafu dogo lenye ukuta wa mita za mraba 18. Saruji tupu itataka mifuko 6 ya kilo 50 ukuta ukiwa mzuri, na mifuko 8 ukiwa mbaya. Gundi itataka mifuko 4 ya kilo 25, ukihesabu na inayopotea. Maana yake ni kwamba gundi haijawa ghali kuliko saruji tupu mpaka bei ya mfuko wake ipite mara moja na nusu ya mfuko wa saruji, au mara mbili pale ukuta ulipopinda. Nenda na hesabu hii kwenye duka la mtaani kwako, kwa bei za siku hiyo.

Ila nisiwe mwonevu kwa saruji. Ikichanganywa na mchanga safi uliochekechwa, sehemu moja kwa tatu, bafu hilohilo litamalizwa kwa mifuko 2 tu, na hakuna gundi itakayofika bei hiyo. Isitoshe, saruji yenye mchanga husinyaa kidogo kuliko saruji tupu, kwa kuwa kinachosinyaa ni uji wa saruji na wala si punje za mchanga. Sielewi kwa nini mazoea ya kupaka saruji tupu yameshika mizizi hivi, wakati ni ghali zaidi na hupasuka zaidi. Mtu akiamua kubandika kwa saruji, aifanye ya mchanga, na apake mgongo wa kigae utando mwembamba wa saruji tupu muda huohuo anapokibandika.

Upande wa gundi nao una gharama iliyojificha, ambayo wauzaji hawaitaji: hauna msamaha kwa ukuta uliopinda. Saruji nene huzika kosa la sentimita nzima, na fundi hulinyoosha kwa kugonga kigae kwa mpini wa nyundo huku pima maji ikiwa juu yake. Gundi ya milimita 3 haiwezi. Weka rula ya mita 2 ukutani. Mwanya chini yake ukizidi milimita 3, vigae vikubwa vitatokeza kona. Hapo lazima ukuta upigwe lipu iliyonyooka kwanza, nayo iachwe wiki mbili ikauke, au pale kosa lilipo dogo lirekebishwe siku moja kabla. Kujaza mabonde kwa gundi yenyewe hakufai. Ikizidi unene ulioandikwa kwenye mfuko husinyaa na kuvuta kigae ndani. Kwa hiyo kwenye ukuta uliopinda, bei ya gundi ni gundi pamoja na lipu, na mwenye nyumba ajue hilo kabla ya kununua.

Mkononi mwa fundi

Fundi aliyerekebisha jiko letu ni mzee mwenye mkono mtulivu, na nilipomwonyesha mfuko wa gundi aliniambia, "Dada, mimi saruji nimeitumia miaka yote na watu hawajanirudia." Nilimjibu kwamba sina shaka na mkono wake, ila miaka yote hiyo vigae vilikuwa vidogo na vya udongo, na hiki alichokishika ni poseleni. Alikikwaruza mgongoni, akakimwagia maji, akayatazama yakitiririka yote. Hakubisha tena, lakini aliipaka gundi ile kama alivyozoea kupaka saruji: mabonge matano, manne kwenye kona na moja katikati. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote upande wa gundi, na linaiondolea faida yake yote. Baina ya mabonge hubaki mifuko ya hewa. Maji ya bafu huingia humo, na kigae hupasuka siku fundi bomba anapotoboa tundu la skrubu. Viwango vya Marekani hutaka gundi ifunike asilimia 80 ya mgongo wa kigae sehemu kavu na asilimia 95 sehemu ya maji. Ili kufika hapo, gundi ipakwe ukutani kwa upande ulionyooka wa mwiko, ichanwe kwa meno katika mistari iliyonyooka yote kuelekea upande mmoja, mgongo wa kigae kikubwa nao upakwe utando, kisha kigae kikandamizwe kwa kusogezwa kidogo kukata mistari hiyo ili hewa itoke. Kila baada ya vigae kumi, bandua kimoja na ukitazame. Kikitoka na mistari ambayo haijalala, meno ni madogo au gundi imeanza kukauka usoni.

Kuhusu muda, saruji inamtaka fundi asiwe na haraka ya kupanda juu, kwa kuwa safu za chini zikiwa mbichi hushuka kwa uzito wa zilizo juu. Safu chache kwa siku zinatosha. Gundi ya T hushika mara moja, ukuta mzima unaweza kukamilika kwa siku, na viungo vikajazwa baada ya saa 24. Kwa anayelipa fundi kwa siku, tofauti hiyo ni fedha. Lakini gundi haisubiri chai: iliyochanwa ukutani ikapata utando usoni inakwanguliwa na kutupwa, haifufuliwi kwa maji.

Katika sehemu ya kuogea kuna jambo jingine linalozipambanua. Vigae na viungo vyake havizuii maji kupita, vinayachelewesha tu, na nyuma yake panahitaji mipako miwili ya rangi ya kuzuia maji hadi juu ya kichwa cha mwogaji. Rangi hiyo haina vitundu. Saruji haipati pa kuingiza mizizi juu yake, ilhali gundi ya C2 imetengenezwa kwa hali kama hiyo. Hapo sioni cha kujadili.

Nikichagua kwa ajili yako

Ukuta wa tofali wenye lipu, vigae vya seramiki vya sentimita 25 kwa 40 au vidogo zaidi, jikoni au chooni pasipo na bafu la manyunyu: tumia saruji na mchanga, loweka vigae, na fedha iliyobaki ilipe fundi mzuri. Vigae vya aina hii vinatengenezwa hapahapa, Mkuranga na Chalinze, na mgongo wake hupokea saruji vizuri. Ukuta huohuo ukiwa na vigae vya 30 kwa 60 vya seramiki, saruji bado inaweza, ila mimi ningenunua gundi ya C1T kwa sababu kigae kirefu huonyesha kila kosa la mkono.

Nguzo au ukuta wa zege, kigae chochote: gundi ya C2T, baada ya kuchonga. Poseleni, ukuta wowote: C2, na ikiwa ni poseleni juu ya zege, au ukuta unaopigwa jua, tafuta yenye S1. Nyumba yenye nguzo chache tu katikati ya tofali huleta kishawishi cha kutumia saruji kwenye tofali na gundi kwenye nguzo. Inawezekana, lakini unene wake hautalingana, milimita 3 upande huu na 10 upande ule, na fundi atalazimika kuinua nguzo kwa lipu ili uso uwe mmoja. Kwetu tuliona afadhali gundi kote. Kona za ndani zijazwe silikoni badala ya saruji ya viungo, chochote ulichochagua, maana kuta mbili zinazokutana hapo hazitembei pamoja.

Kama bado una wasiwasi na kile fundi anachokuambia, mpe vigae vitatu na sehemu ya nguzo itakayofichwa na kabati. Kimoja akibandike kwa saruji yake, cha pili kwa gundi juu ya zege lisiloguswa, cha tatu kwa gundi juu ya zege lililochongwa na kuoshwa. Baada ya siku saba aingize tindo nyuma ya kila kimoja na kugonga, nawe uwe umesimama hapo. Tazama kila kimoja kilipoachia: kama ni ukutani, rudini kwenye kuchonga na kuosha, kama ni mgongoni mwa kigae, badilisheni cha kubandikia, na kile kitakachovunjika vipande huku mgongo wake ukibaki ukutani, hicho ndicho cha kuagizia mifuko.